Bwana Stokesi wa Usongo



Mji wetu wa Tabora umejengwa na wageni na wenyeji pamoja. Mwarabu alikuja kutoka Omani akajenga tembe, Mhindi alikuja kutoka Surat na Kachchh akafungua duka, Mmanyema alivuka Tanganyika akabaki, Mswahili wa Bagamoyo alikuja na shehena asirudi tena pwani. Watu hawa tunawajua, maana wajukuu wao tumesoma nao na tunanunua sukari kwao. Lakini nikiwauliza leo habari za mtu wa Ireland aliyefanya biashara katika nchi hii ya Unyamwezi kabla ya reli, kabla ya shilingi, akaoa kwetu, akaitwa na watu "Bwana Stokesi", ni wangapi watakaonijibu? Nadhani ni wachache mno. Basi juma hili tutazame maisha yake na jamaa yake, maana ndani yake mna mambo ya kumfaa mzazi na kijana.

Ireland ni kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Uingereza. Tangu mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya nchi ile, navyo viazi ndivyo vilivyokuwa ugali wao. Kwa miaka ipatayo minne njaa iliwamaliza. Watu kama milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda kutafuta maisha. Wengi walikwenda Marekani. Huko katika vijiji na miji midogo utawakuta wakifua chuma, wakishona viatu, wakiuza duka, wakizaa na kuzika, hata nchi ile ikawa yao. Hao ndio mfano wa Mwairishi ambao dunia nzima inaujua. Huyu wetu alishika njia nyingine.

Charles Henry Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852, yaani wakati njaa ile ilikuwa ndiyo kwanza imepita na watu wangali wakihama. Akasoma Enniskillen, upande wa kaskazini. Baadaye akavuka maji kwenda Liverpool, bandari kubwa ya Uingereza, akafanya kazi ya ukarani. Hakuwa mtoto wa tajiri, wala hakuwa na elimu ya chuo kikuu. Huko ndiko alikojiandikisha katika chama cha wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, C.M.S., wakamfundisha kidogo, wakamtuma Afrika. Hakutumwa kama padre. Alikuwa mlei, mtu wa kazi za mkono, wa mizigo na mashua na hesabu.

Alishuka Unguja mwaka 1878. Mwaka ule ule Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, nao walianza kupanda kutoka Bagamoyo. Njia ni moja, vumbi ni moja, na hongo ni zile zile kwa Mkatoliki na kwa Mprotestanti.

Sasa, msomaji, huenda wewe umezoea gari moshi na basi, na kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora unalala usiku mmoja tu. Yafaa nikueleze safari ilivyokuwa siku zile. Burton na Speke walipokuja mwaka 1857 waliondoka pwani tarehe 27 Juni wakaingia Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Hesabu mwenyewe: ni siku 134. Msafara uliokwenda vizuri ulichukua kama miezi mitatu. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, na mikokoteni ilishindwa na pori. Kwa hiyo kila kitu kilikuja juu ya bega au kichwa cha mtu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama farasila mbili, karibu kilo 32, na juu yake akafunga mkeka wake, sufuria yake na posho yake.

Na mizigo yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa nguo nyeupe iliyoitwa merikani, maana kwanza ilitoka Marekani. Kaniki kutoka Bara Hindi. Shanga za rangi mbalimbali. Nyaya za shaba. Halafu bunduki na baruti. Hizo zilikuwa ndizo fedha. Mfanyabiashara alipaswa kujua ni shanga gani zapendwa Ugogo na ni zipi zitakataliwa Usukuma, maana akikosea rangi, amebeba mawe. Kurudi pwani mzigo ulikuwa pembe za ndovu.

Mbele ya msafara alitangulia kiongozi, naye ndiye aliyejua visima, na mahali pa kulala, na mtemi gani ataka hongo kiasi gani. Wapagazi wenyewe, sehemu kubwa, walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Hawakuwa watumwa. Walikuwa wafanyakazi wa mshahara, wenye mapatano, wenye sifa ya kufika. Kijana ambaye hajawahi kwenda pwani na kurudi alihesabiwa kama mtoto bado. Twasema habari hii kwa fahari, na tuna haki.

Safari ya kwanza ya Stokes ilimfundisha mapema ubaya wa njia. Mwenzake katika kundi lile, William Penrose, fundi wa mitambo, alishambuliwa na ruga-ruga mwezi wa Desemba 1878 akauawa, na mizigo ikatekwa. Stokes mwenyewe alipona. Mwaka 1879 akafika mpaka Uganda, kisha akarudi upande huu. Chama chake kilikuwa na kituo Uyui, hapa hapa karibu na Tabora, na kazi yake Stokes ikawa kuendesha misafara ya chama kupanda na kushuka. Mwaka 1882 aliongoza msafara uliomleta James Hannington, yule ambaye baadaye alifanywa Askofu, akauawa Busoga mwaka 1885.

Katika kazi hiyo ndipo kipawa chake kilipoonekana. Wazungu wengi wa siku zile walipigana na wapagazi wao kila siku: huyu ametoroka, huyu ametupa mzigo, huyu ataka posho zaidi. Stokes alielewana nao. Alijifunza maneno yao, alikaa nao motoni, na mapatano yao aliyashika. Ndiyo sababu alipotangaza safari watu walikuja kwa mamia, na wengine walipotangaza walipata wachache. Katika biashara ya namna ile, mtaji wa kwanza ulikuwa uaminifu wa wapagazi, nguo zikafuata nyuma.

Sasa tuje kwenye jamaa yake, maana mtu hatambulikani kwa biashara yake peke yake.

Mwezi wa Januari 1883 Stokes alifunga ndoa Unguja, katika Kanisa Kuu la Kianglikana. Kanisa lile limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Bibi harusi aliitwa Ellen Sherratt. Mwezi wa Machi 1884 akamzaa mtoto wa kike, akaitwa Ellen Louisa. Baada ya juma moja mama akafa. Wasomaji akina mama wanajua jambo hili bila kuelezwa. Hata leo hatujalimaliza, na siku zile, katika joto la pwani, wanawake wengi walikwenda hivyo. Stokes akabaki mjane, na mtoto mchanga mkononi, na kazi yake ni kutembea miezi na miezi porini. Mtoto hangeweza kumfuata njia ya Ugogo. Baba akarudi barani, na binti akakua mbali naye.

Mwaka 1885 alioa tena, na safari hii hakuoa Mzungu. Alimwoa Limi, mwanamke Mnyamwezi wa jamaa ya Mtemi Mtinginya wa Usongo. Jina Limi linatokana na jua, na mpaka leo ukienda Nzega au Shinyanga ukaita "Limi!" sokoni, watageuka wanawake wengi. Usongo iko kaskazini ya Tabora, katika nchi ya Nzega ya sasa, juu ya njia ya kwenda Ziwa Viktoria. Mahali pale palikuwa pazuri mno kwa mtu wa misafara. Na wakati ulikuwa mzuri, maana Mirambo mkuu alikufa mwezi wa Desemba 1884, na nguvu yake iliyotanda nchi nzima ikaanza kukatika vipande. Watemi kama Mtinginya walipata nafasi ya kuinuka.

Basi tuseme ukweli: ndoa ile ilikuwa ya moyo au ya biashara? Naona haifai tujitie kuhukumu mioyo ya watu waliokufa. Lakini desturi ya nchi twaijua. Mgeni aliyeoa katika jamaa ya mtemi hakuwa mgeni tena. Alikuwa na mashemeji. Alipata mahali pa kujenga na watu wa kumlinda, na vijana wa kubeba mizigo yake waliitika kwa sababu ni mkwe wao. Mtemi naye alipata nguo, bunduki, na mtu wa kumwandikia barua za Wazungu. Na Limi alipata nini? Alipata nyumba kubwa, bila shaka, na heshima. Alipata pia mume ambaye miezi mingi ya mwaka hayupo.

Wakubwa wa misioni hawakupendezwa na ndoa ile, wala na biashara ya pembe iliyokuwa ikikua pembeni. Wakaachana. Tangu hapo Stokes alikuwa mfanyabiashara kamili, na nyumba yake kubwa ilikuwa Usongo. Lakini wamisionari waliomnung'unikia waliendelea kumpa mizigo yao, Wakatoliki na Waprotestanti vile vile, kwa kuwa hakuna aliyefikisha mizigo kama yeye. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Limi hakubaki peke yake. Stokes alikuwa na wanawake wengine katika njia zake. Wanaotajwa ni Zaria, na mwingine wa upande wa Uganda aitwaye Nanjala. Tutarudi kwa Nanjala.

Jambo lililomfanya ajulikane sana ni vita vya Uganda. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alifukuzwa katika kiti chake. Akakimbilia kusini ya ziwa, na mwisho akapokewa na Mapadre Weupe huko Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Mwaka 1889 Stokes alimpakia katika mashua yake pamoja na watu wake na silaha, akamrudisha Uganda. Vita vilikwenda mbele na nyuma, lakini mwezi wa Oktoba mwaka ule Mwanga aliingia tena katika mji wake mkuu. Ona, msomaji: karani wa Liverpool, mtoto wa Dublin, ndiye aliyempa mfalme njia ya kurudi, kwa mashua na baruti. Naye alitazamia malipo yake ya pembe.

Hapa ndipo penye mwiba wa habari hii. Pembe hazikuja kwa merikani peke yake. Zilikuja kwa bunduki na baruti. Stokes hakuuza risasi kwa sababu ana chuki na mtu. Aliuza kwa kuwa ndiyo bidhaa iliyotakiwa. Aliyenunua aliitumia kwa ndovu, na aliitumia pia kwa jirani yake. Katika nchi hii yetu, baada ya Mirambo, bunduki zilikuwa nyingi na amani ilikuwa chache. Mwaka 1890 serikali za Ulaya zilipatana huko Brussels kuzuia biashara ya silaha katika Afrika. Walikuwa na sababu njema, maana bunduki zilichochea uwindaji wa watumwa. Na walikuwa na sababu nyingine pia, maana anayetaka kuitawala nchi hapendi wenyeji wawe na bunduki.

Wakati ule ule Wadachi walikuwa wameshika nchi. Stokes, mtu mwerevu, aliona upepo, na mwaka 1890 akaingia katika utumishi wao kwa muda, akawasaidia kwa misafara na kwa urafiki wake na watemi. Wanyanyembe hawakusahau mambo ya miaka ile. Mtemi Isike alipigana na Wadachi mpaka Januari 1893, na boma lake lilipovunjwa na Tom von Prince, akawasha ghala ya baruti akajilipua, asikamatwe. Mtinginya wa Usongo alikuwa upande wa Wadachi. Hivyo jamaa mbili za watemi, zote za Unyamwezi, zilisimama pande mbili, na kila upande ulidhani unaokoa nchi yake.

Biashara ya pembe katika nchi ya Wadachi ikazidi kubanwa na ndovu wakazidi kupungua. Mwisho wa mwaka 1894 Stokes aliongoza msafara mkubwa kwenda magharibi, kuingia Kongo. Kongo ya siku zile haikuwa koloni la Ubelgiji bado. Ilikuwa kama shamba la mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili, naye alitaka pembe zote zipite mkononi mwake. Majeshi yake yalikuwa yamepigana na Waarabu na Waungwana wa Manyema tangu mwaka 1892. Mmoja wa wakubwa waliobaki alikuwa Kibonge, yule aliyesemekana kuamuru Emin Pasha auawe mwezi wa Oktoba 1892. Kapteni Hubert Lothaire alimkamata Kibonge akamwua. Katika vitu vyake zikaonekana barua za Stokes.

Luteni Josué Henry akatumwa, akamkamata Stokes katika kambi yake mwezi wa Desemba 1894, akamleta mbele ya Lothaire mahali paitwapo Lindi. Msidhani ni Lindi yetu ya pwani. Hii ni Lindi ya msitu wa Kongo. Tarehe 14 Januari 1895 akashtakiwa kwamba amewauzia silaha adui wa serikali. Hakuwa na wakili. Kesi haikuchukua siku mbili. Alikuwa na haki ya kukata rufani, nayo hakupewa. Asubuhi ya pili, tarehe 15 Januari, akanyongwa. Alikuwa na umri wa miaka kama 42.

Habari zilichukua miezi kufika Ulaya. Mwezi wa Agosti 1895 magazeti ya London yalipozitoa, ghadhabu ilikuwa kubwa. Mzungu kunyongwa na Mzungu mwenzake, bila rufani, katika Afrika! Serikali ya Kongo ililazimika kulipa faranga 150,000 kwa Uingereza na faranga 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishtakiwa huko Boma mwaka 1896, akaachiliwa. Kesi ikapelekwa Brussels, akaachiliwa tena. Lakini tangu siku zile watu wengi wa Ulaya walianza kuuliza: kama mtu wetu ametendewa hivi, je, watu wa nchi ile wanatendewaje? Swali hilo lilikuja kufungua macho ya dunia juu ya maovu ya Kongo, mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira, hata mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa nchi ile, ikatawaliwa na serikali ya Ubelgiji.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo ufikiri nami.

Kifo cha mtu mmoja kililipiwa faranga 250,000. Sisemi hakistahili. Alihukumiwa isivyo haki, na jambo lisilo haki ni lisilo haki, hata likitendwa kwa mwuza baruti. Lakini pamoja naye msituni walikuwa Wanyamwezi, wana wa Usongo na jirani zake, waliomfuata kwa sababu ni mkwe wao na mwajiri aliyeshika maneno yake. Kiongozi wao alikamatwa, mali ikachukuliwa, nao wako mwezi na zaidi mbali na kwao, katika nchi ya vita. Majina yao hayamo katika barua zile za serikali mbili. Magazeti ya London hayakuwataja. Watoto wao hawakupewa kitabu cha kusoma habari za baba zao.

Na nyumbani kwa Stokes? Louisa, binti yake wa Unguja, aliyekosa mama akiwa na umri wa siku saba, sasa akakosa na baba akiwa hajafika miaka 11. Limi akabaki Usongo. Na Nanjala, niliyesema tutarudi kwake, mwaka ule ule wa 1895 alizaa mtoto wa kiume. Akaitwa Charles Kasaja Stokes. Baba alikwisha kufa. Mtoto yule alikulia Uganda na jina la Kiairishi na la kwao, wala hakumwona aliyemzaa.

Kazi yangu mimi ni vitabu vya parokia: kitabu cha wabatizwa, kitabu cha ndoa, kitabu cha wafu. Kwa hiyo sishangai kwamba katika habari ya Stokes tunajua tarehe ya ndoa ya Unguja mpaka mwezi wake, kwa sababu iliandikwa. Ya Limi twajua mwaka tu. Ya Zaria hatujui hata hiyo. Hawakuwa wake wa namna tatu katika mapenzi au katika tabu. Walikuwa wa namna tatu katika maandishi. Wenye biashara husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata watu.

Msidhani nasema habari za zamani tu. Wanyamwezi hatujaacha kusafiri. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mpagazi aliweka chini mzigo wake, lakini hakukaa. Alikwenda mashamba ya katani Tanga na Morogoro. Leo mwanawe mdogo yuko Dar es Salaam akiendesha bodaboda, au mgodini Geita, au amevuka bahari kufanya kazi Omani. Ni vema. Kutafuta si dhambi, na Stokes angalikaa Dublin tusingalikuwa na habari hii. Lakini kijana akikaa huko miaka mitatu, hupata nyumba ya pili. Nyumba ya kwanza yajua nusu, ya pili yajua nusu nyingine, na siku akifa, jamaa mbili zakutana makaburini zikitazamana kama wageni. Ndipo watoto waja ofisini kwetu kutafuta cheti: baba yao aliandikishaje jina? Alibatizwa wapi? Je, ndoa ya mama yao imeandikwa? Mara nyingi kitabu hakina jibu, na anayetozwa ni mtoto, asiye na hatia yo yote.

Basi nadhani tunaweza kuokota mambo matatu katika maisha ya Bwana Stokesi.

La kwanza ni jema. Alifanikiwa kwa sababu alimtendea mpagazi kama mtu wa mapatano. Wewe mwenye duka, mwenye lori, mwenye shamba la tumbaku Urambo au Sikonge: ukitaka watu waje unapowaita, lipa uliloahidi, siku uliyoahidi. Hakuna uganga mwingine.

La pili ni onyo. Usiseme, "Mimi nauza tu, atakavyotumia mnunuzi ni shauri lake." Stokes aliuza tu. Baruti aliyouza iliendelea na safari yake baada ya kulipiwa, na mwisho barua za biashara ile ile ndizo zilizomfunga kitanzi. Leo bidhaa ni nyingine: mtu auza dawa zilizokwisha muda, gongo, mbegu bovu za mahindi. Bidhaa ina miguu, nayo hujua njia ya kurudi kwa mwenyewe.

La tatu ni la jamaa. Jioni ya leo, kabla ya taa kuzimwa, chukua daftari la mtoto, andika: jina lako, la mkeo au mumeo, mahali mlipofunga ndoa na mwaka, majina ya watoto wote, na nasema wote, pamoja na yule ambaye unaona haya kumtaja, majina ya babu na bibi pande zote mbili, na kijiji chao. Kama babu yako alikuwa mpagazi, uliza wazee alibeba mizigo ya nani na alifika wapi, ukaandike hilo pia. Kijana aliye mbali apelekewe nakala, naye ajaze sehemu yake kwa ukweli. Haitazidi ukurasa mmoja. Haina gharama ila kalamu.

Mwairishi aliyekwenda Marekani alizikwa katika kijiji chake kipya, jiwe likasimamishwa, wajukuu wakajua pa kwenda kusimama. Huyu aliyekuja kwetu aliacha binti Ulaya, mwana Uganda, mke Usongo, na kaburi katika msitu wa Kongo. Hatuwezi kumkusanya sasa. Lakini jamaa zetu wenyewe tunaweza kuzikusanya wangali hai, na kazi hiyo haingoji karani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema habari za miembe ya njia ya Ujiji na waliyoipanda. Mwenye mzee anayekumbuka hadithi yake amsikilize mapema, kisha aniletee.

Kwaherini.